Makerezo ya Kale ya Chuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Asili, Umri na Vipuri Vyake

Maswali haya ni yale ambayo mtu hujiuliza mara tu anapokuwa na kerezo kuukuu, yaani mashine ya kukerezea chuma ambayo katika karakana nyingi huitwa lethi, na anataka kujua imetoka wapi, ina umri gani na vipuri vyake atavipata vipi. Ili tuelewane, kitanda ni ule mwili mrefu wa chuma cha kusubu unaobeba vyote. Kichwa ni sehemu ya kushoto yenye spindo, yaani mhimili unaozungusha kazi, na mkia ni sehemu ya kulia inayoshikilia ncha ya pili ya kazi hiyo. Kigari hutembea katikati kikiwa kimebeba kisu. Skrubu kuu ni ufito mrefu wenye hesi unaokivuta kigari pale fundi anapokata hesi, yaani zile nyuzi za skrubu.

Kerezo langu halina jina wala kibati. Nianzie wapi?

Anza kwa kutolisafisha. Najua mikono huwasha mtu anapoiona kutu, lakini ushahidi mwingi wa asili ya mashine umo katika tabaka la juu kabisa, ambalo brashi ya waya na msasa huliondoa kwanza. Piga picha za kila upande kabla hujafungua hata bolti moja, kisha chukua tambara laini na mafuta ya taa ufute taratibu, hasa mwisho wa kitanda upande wa mkia na uso wa mbele wa kichwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kukunja msasa ili ning'arishe mwisho wa kitanda, nikaona katika utusitusi wa grisi kitu kama mkwaruzo wenye pembe. Nilipofuta kwa mafuta ya taa, mkwaruzo ule ukawa mguu wa namba 7, na nyuma yake zikajitokeza tarakimu nyingine nne. Zilikuwa zimegongwa kwa mkono, moja imepanda juu kidogo na nyingine imeinama. Kama ningepitisha msasa dakika tano tu, zisingeonekana tena.

Namba ikiwa imefifia, weka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli iliyolazwa, au mulika tochi kutoka pembeni ili kivuli kijae ndani ya mifereji ya tarakimu. Baada ya hapo tafuta herufi na namba zilizosubiwa pamoja na chuma: ndani ya vifuniko vya gia, chini ya mkia, nyuma ya aproni (bamba la mbele la kigari lenye wenzo na gurudumu la kukiendesha) na upande wa ndani wa miguu. Hizo kwa kawaida ni namba za kalibu, yaani umbo lililotumika kusubia kipande, na si namba za mashine yenyewe. Hata hivyo zina thamani yake, kwa sababu kiwanda kimoja kilizoea kutumia herufi zilezile za mwanzo katika vipande vyake vingi.

Usiyapuuze matundu matupu. Pale kibati kilipong'olewa hubaki matundu mawili au manne, na mara nyingi kivuli cha rangi tofauti chenye umbo la kibati. Pima nafasi kati ya tundu na tundu na uandike. Vipimo hivyo, pamoja na umbo la kivuli, vinaweza kulinganishwa na kibati cha mashine nyingine inayofahamika.

Namba ya mashine huwekwa wapi hasa?

Hakuna mahali pamoja kwa viwanda vyote. Kwenye makerezo ya South Bend Lathe Works, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1906 na ndugu pacha John na Miles O'Brien katika mji wa South Bend, Indiana, namba hugongwa juu ya kitanda, mwisho wa kulia, karibu na njia ya mbele, yaani reli ya kitanda ambayo kigari huteleza juu yake. Viwanda vingine viliigonga kwenye uso wa kichwa au kwenye kibati chenyewe. Zunguka mashine nzima, na ukumbuke kwamba rangi iliyopakwa mara tatu au nne hujaza tarakimu hadi uso ukaonekana laini kabisa.

Tofautisha pia namba ya mashine na alama za ulinganifu. Mafundi wa zamani walipokuwa wakikwangua na kuoanisha kichwa na kitanda, waligonga namba fupi ileile kwenye vipande vyote viwili ili visitenganishwe. Ukikuta namba hiyo chini ya mkia na kwenye kitanda pia, umethibitisha kwamba vipande hivyo viliondoka kiwandani pamoja. Zikitofautiana, yamkini mkia ulitoka katika mashine nyingine, na hapo ndipo uangalie kama kimo cha senta mbili, yaani ncha za kichwa na mkia zinazoshikilia kazi, kinalingana kweli.

Je, namba hiyo itanipa mwaka wa kutengenezwa?

Pale tu orodha ya kiwanda ilipohifadhiwa. Namba peke yake, bila kujua kiwanda, haisemi lolote, kwa kuwa viwanda vingi vilianza kuhesabu si kutoka 1 bali kutoka namba kubwa waliyojichagulia. Zipo namba zenye herufi zinazosaidia: kwa makerezo ya Myford ya Beeston, karibu na Nottingham nchini Uingereza, herufi K hutangulia namba za aina ya ML7 na herufi SK hutangulia zile za Super 7. Hapo herufi inakutajia aina kabla hujatafuta mwaka.

Zipo dalili nyingine za tarehe ambazo mara nyingi husahaulika. Beringi zilizonunuliwa kutoka kiwanda kingine zinaweza kuwa na tarehe au alama ya kundi. Kibati cha mota kinaweza kuwa na mwaka, ijapokuwa mota ndiyo sehemu inayobadilishwa mapema kuliko zote. Kerezo la Marekani lenye kibati kinachotaja War Production Board, bodi ya serikali ya uzalishaji wa wakati wa vita, limejifunga lenyewe ndani ya miaka michache, kwa kuwa bodi hiyo iliundwa mwaka 1942 na kuvunjwa mwaka 1945. Kerezo la Uingereza lenye alama ya mshale mpana lilikuwa mali ya serikali wakati fulani, lakini alama hiyo ilitumika kwa muda mrefu mno kuweza kukupa mwaka.

Hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, nazo husaidia. Mashine ikiwa na maneno yanayotaja hataza pamoja na namba au tarehe, nyaraka zake huweza kusomwa bure kwenye intaneti, zikiwa na michoro. Kumbuka tu kwamba tarehe ya hataza ni mpaka wa chini: mashine haikutengenezwa kabla yake, lakini huenda ilitengenezwa miaka 20 baadaye huku kalibu ileile ikiendelea kutumika.

Kibati kina jina, lakini sipati habari yoyote ya kiwanda hicho. Kwa nini?

Kwa sababu huenda hakikuwa kiwanda. Wafanyabiashara wa mashine walikuwa na desturi ya kubandika vibati vyao kwenye mashine walizouza, wakati mwingine vikubwa kuliko kibati cha mtengenezaji. Shule, reli na idara za serikali nazo ziliweka vibati vya mali zao. Kisha kuna mashine zilizotengenezwa na mmoja na kuuzwa kwa jina la mwingine: makerezo mengi ya jina Craftsman yaliyouzwa na maduka ya Sears ya Marekani yalitengenezwa na Atlas Press Company ya Kalamazoo, Michigan, na namba yake ya aina huanza na 101 ikifuatiwa na nukta. Mtu anayetafuta vipuri vya Craftsman pekee huacha nusu ya soko bila kulitazama.

Hali inayofanana iliwakuta Drummond Brothers wa Guildford. Kerezo lao dogo la aina ya M lilihamia mikononi mwa Myford wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hivyo mashine mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa za ukoo mmoja. Kwa maoni yangu, jina la kwenye kibati lichukuliwe kama ushahidi wa shahidi mmoja, nao usikubaliwe mpaka umbo la mashine, vipimo vyake na namba za kalibu vikubaliane nao.

Umbo la mashine linaweza kunieleza nini kuhusu umri wake?

Mengi, mradi ujue kila sehemu ilianza lini. Kerezo la chuma lenye kisu kilichofungwa kwenye kitelezi badala ya kushikwa kwa mkono lina mizizi katika karne ya 18. Jacques de Vaucanson alitengeneza moja nchini Ufaransa yapata mwaka 1751, nalo limehifadhiwa katika Musée des Arts et Métiers jijini Paris. Henry Maudslay, aliyezaliwa mwaka 1771 na kufanya kazi kwa Joseph Bramah kabla ya kujitegemea, ndiye aliyeunganisha kitelezi, skrubu kuu na gia za kubadilisha (zinazobadilishwa ili kukata hesi za vipimo tofauti) katika mashine moja imara ya chuma mnamo mwaka 1800, na mfano wake uko Science Museum jijini London. Richard Roberts alitengeneza kerezo kubwa mwaka 1817 lenye gia za nyuma, zile zinazopunguza mwendo wa spindo na kuiongezea nguvu. Mashine za enzi hizo ziko kwenye makumbusho. Kerezo utakaloliona karakanani, kwa uwezekano mkubwa, ni la miaka ya 1880 au baadaye.

Katika kundi hilo, tazama kwanza jinsi spindo inavyozungushwa. Puli ya ngazi kwa mkanda bapa, bila mahali popote palipoandaliwa kwa ajili ya mota, ina maana mashine ilivutwa na shafti ndefu iliyokuwa juu ya dari, ikigawa nguvu ya injini moja kwa karakana nzima, au kwa kanyagio la mguu ikiwa ni ndogo. Mota iliyofungwa kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa, huku matundu yakiwa yametobolewa ovyo, iliongezwa baadaye. Mkanda wenye umbo la V ulienea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo ukiukuta kwenye puli za asili, mashine si ya karne ya 19.

Pili, tazama namna ya kubadilisha mwendo wa skrubu kuu. Giaboksi ya wenzo unaoingia kwenye safu ya matundu, maarufu kama giaboksi ya Norton, ina jina la Wendel P. Norton, aliyepata hataza yake mwaka 1892 alipokuwa na kampuni ya Hendey ya Torrington, Connecticut. Hivyo giaboksi ya namna hiyo ikiwa ni ya asili, mashine ni ya baada ya hapo. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kinyume, kwa kuwa makerezo ya bei nafuu yaliendelea kuuzwa na gia za kubadilisha kwa mkono. South Bend ya inchi 9, kwa mfano, iliuzwa kwa aina tatu zilizoenda pamoja: A yenye giaboksi, B yenye aproni ya mwendo wa nguvu lakini gia za mkono, na C iliyo sahili kuliko zote.

Tatu, upime uzito wake kwa macho. Frederick W. Taylor na Maunsel White walionyesha chuma chao cha visu vya mwendo kasi kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, na kisu hicho kilikata chuma kwa kasi ambayo mashine zilizokuwepo hazikuweza kuistahimili. Vitanda vikanenepa, spindo zikaongezwa kipenyo, na vichwa vinavyoendeshwa kwa gia pekee vikaanza kuchukua nafasi ya puli. Kerezo refu lenye kitanda chembamba, miguu iliyopindwa kama ya meza ya sebuleni na spindo nyembamba lina sura ya kabla ya mabadiliko hayo. Sura, nasisitiza, kwa kuwa viwanda vidogo viliendelea na mitindo ya zamani kwa miaka mingi.

Kwa nini kerezo lenye ukubwa uleule huitwa la inchi 9 na wengine, na la inchi 4½ na wengine?

Wamarekani hutaja kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda, ilhali Waingereza kwa desturi hutaja urefu kutoka kitandani hadi senta ya spindo, ambao ni nusu yake. Myford ML7, inayohesabiwa kuwa ya inchi 3½, kwa hesabu ya Marekani ni ya inchi 7. Taja unatumia hesabu ipi, la sivyo utaletewa kipuri cha mashine yenye ukubwa maradufu.

Gia moja imepotea. Nitajuaje niliyoikosa?

Swali hili ndilo ninaloliona likikosewa zaidi, kwa sababu watu huhesabu meno na kuishia hapo. Gia mbili zenye meno 40 kila moja zinaweza zisiingiliane kabisa. Lazima ujue ukubwa wa jino, ambao kwenye mashine za inchi hutajwa kwa idadi ya meno kwa kila inchi ya kipenyo cha mwingiliano (duara ambapo meno ya gia mbili hukutana), na kwenye mashine za milimita hutajwa kwa moduli.

Chukua gia iliyo nzima, hesabu meno yake, ongeza 2, kisha gawanya kwa kipenyo cha nje kwa inchi. Gia ya meno 40 yenye kipenyo cha inchi 2.1 itakupa 42 gawanya kwa 2.1, sawa na 20, ambacho ndicho kipimo cha Myford. Ikiwa kipenyo ni takriban inchi 2.33 utapata 18, kipimo cha South Bend ya inchi 9, na kikiwa inchi 2.625 utapata 16, kipimo cha Atlas za inchi 10 na 12. Jibu lisipokaribia namba kamili, jaribu kwa milimita: gawanya kipenyo cha nje kwa idadi ya meno ikiongezwa 2, nayo moduli itajitokeza. Angalia vilevile pembe ya jino. Gia za zamani kwa kawaida zina digrii 14½ na za kisasa digrii 20. Zikichanganywa zitazunguka, lakini kwa kelele na kwa kulana.

Idadi ya meno ya ile iliyopotea hupatikana kwa njia mbili. Ikiwa ni gia ya kubadilisha, soma jedwali la hesi lililobandikwa kwenye kifuniko, kwani mle mmetajwa gia zote za seti. Ikiwa ni gia iliyo kati ya mihimili miwili isiyosogea, pima umbali kati ya mihimili, uzidishe kwa 2 na kwa kipimo cha jino: umbali wa inchi 2.5 kwa kipimo cha 20 hutoa 100, nayo ndiyo jumla ya meno ya gia zote mbili. Kama iliyobaki ina 60, iliyopotea ilikuwa na 40.

Gia za Atlas nyingi zilisubiwa kwa aloi ya zinki. Zikivunjika meno, usijaribu kuzichomelea. Tafuta nyingine au kata mpya ya chuma.

Kikamatio (chaki inayoshika kazi) nilichonunua hakiingii kwenye spindo, ingawa vipimo vinaonekana sawa. Tatizo ni nini?

Pima vitu vitatu: kipenyo cha nje cha hesi, idadi ya hesi kwa inchi, na ile sehemu laini isiyo na hesi iliyo nyuma yake, ambayo ndiyo inayoweka kikamatio katikati. Spindo ya ML7 ni inchi 1⅛ kwa hesi 12, na ya South Bend ya inchi 9 ni inchi 1½ kwa hesi 8. Tatizo la siri ni pembe ya hesi. Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 kiwango chenye pembe ya digrii 55, na William Sellers akapendekeza Marekani mwaka 1864 kiwango cha digrii 60. Kikamatio cha digrii 60 kwenye spindo ya digrii 55 kinaweza kuanza kuingia kisha kikakwama. Kisilazimishwe hata kidogo, kwa sababu hesi ya spindo ikiharibika umeharibu moyo wa mashine.

Je, vipuri vya mashine moja hufaa nyingine?

Baadhi, pale mashine moja ilipoigwa kutoka nyingine. Boxford ya Halifax, Uingereza, na Hercus ya Australia zilifuata muundo wa South Bend ya inchi 9 kwa ukaribu sana, na spindo za Boxford na South Bend hiyo zina hesi ileile. Hata hivyo pima kipande kabla ya kulipia, maana kila kiwanda kiliendelea kufanya marekebisho yake.

Michongoko ya Morse, yaani ncha na matundu yanayopungua unene taratibu kwa vipimo maalumu, iliyotokana na kazi ya Stephen Morse wa Marekani katika miaka ya 1860, ndiyo rafiki mkubwa wa mwenye kerezo la kale. Tundu la mchongoko la mkia likiwa Morse namba 2, senta mpya ya namba 2 iliyotengenezwa popote itaingia.

Skrubu kuu ni ya inchi. Naweza kukata hesi za milimita?

Ndiyo, na kwa usahihi kamili, ukiwa na gia ya meno 127. Inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ndiyo namba kamili ndogo kabisa ambayo ni zao la 25.4. Skrubu kuu yenye hesi 8 kwa inchi husogeza kigari milimita 3.175 kwa mzunguko mmoja. Gia ya meno 40 upande wa spindo ikiendesha ya meno 127 upande wa skrubu, kigari husogea milimita 1 kamili kwa kila mzunguko wa spindo. Usifungue nati ya nusu mbili, ile inayoikamata skrubu kuu, katikati ya kazi hii. Irudishe mashine nyuma kwa kugeuza mwendo, vinginevyo kisu hakitaingia tena kwenye mfereji uleule.

Nimefungua beringi za spindo nikakuta vipande vyembamba vya bati. Ni takataka?

La hasha. Hizo ni shimu, na unene wake ndio unaoamua nafasi ya mafuta kati ya spindo na beringi. Mashine nyingi za kale, zikiwemo ML7, zina beringi za metali nyeupe laini, ya jamii ile ambayo Isaac Babbitt alipata hataza yake mwaka 1839. Funga shimu za kila upande katika mfuko wake na uandike kushoto au kulia, mbele au nyuma. Beringi ikilegea, huondolewa unene kidogo sana kwa usawa pande zote, spindo ikijaribiwa kwa mkono kila mara. Metali hiyo haipendi kuendeshwa ikiwa kavu hata kwa dakika moja, kwa hiyo vikombe vya mafuta vijazwe kabla ya kuwasha mota.

Niipake rangi upya?

Ikiwa rangi ya asili imebaki kwa sehemu kubwa, mimi ningeiacha. Ukiamua kuiondoa, ikwangue ikiwa imeloweshwa na usiisugue kwa msasa ikiwa kavu, kwa kuwa rangi za zamani mara nyingi zina risasi na vumbi lake ni sumu. Acha kipande kidogo cha rangi ya kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kifuniko cha gia.

Nikitaka kumwuliza mtu mwenye ujuzi, nimpelekee nini?

Mpelekee picha ya mashine nzima kutoka mbele, ya kichwa kutoka kushoto gia zikiwa wazi, ya aproni, ya mkia, na ya kila namba uliyoipata. Ongeza kimo cha senta kutoka kitandani, urefu wa kitanda, vipimo vya hesi ya spindo, idadi ya hesi kwa inchi ya skrubu kuu na kipimo cha jino la gia. Taja pia umbo la njia za kitanda, kama ni bapa, ambazo Waingereza walizipenda, au ni za mgongo wa V, zilizopendwa Marekani. Weka rula ndani ya kila picha ya kipande kilichovuliwa, na ueleze ni vipande vipi unajua vilibadilishwa, ili mjibu asije akaitambulisha mashine yako kwa mkia wa mashine nyingine.